Waya Nene na Arusi ya Aurore

Jumatatu, 9 Juni 2003

Tonton Aloys, mjomba wa watoto wangu, anaenda Kinshasa! Jumamosi hii, na ndege ya shirika lake la misaada. Alikuja kutuambia wakati tunakula, na tonge langu la foufou likabaki hewani katikati ya sahani na mudomo.

Kinshasa ndiko iko mutoto wangu Honoré, wa kwanza wa tumbo langu. Anasomea uinjinia. Si kila mama hapa kwa avenue yetu anaweza kusema hivyo, lakini mimi sipendi kujisifu. Aliondoka mwezi wa saba wa mwaka tisini na nane, na valizi moja, akisema anarudi kwa Noeli. Mwezi wa nane vita ikaanza, nchi ikakatwa kama mukate. Yeye na dada yangu Olive wa Lubumbashi wakabaki upande ule, sisi upande huu. Noeli ngapi zimepita! Barua zinazunguka Nairobi mikononi mwa mapadri, zinafika zimekunjamana kama mutu aliyelala na nguo.

Na mwezi uliopita dada yake Aurore ameolewa. Yeye hakuona. Niliweka kiti chake kwa meza ya familia, nikakivalisha shati yake ya mutihani wa serikali, na hakuna mutu aliyekikalia. Hata Curé, padri wetu, alitafuta pengine pa kukaa.

Lakini filamu iko! Arusi yote, tangu katedrali mpaka ngoma ya mwisho. Iko ndani ya ordinateri ya Aurore, ile kompyuta ya zamani ambayo ofisi yao ilimupatia walipoleta zingine mupya. Ameiacha hapa kwetu kwa sababu kwa bwana yake umeme ni hadithi tu.

Tonton Aloys alitoa kwa mufuko kasanduku kama kipande cha sabuni. Alisema hiyo ni diski, tuingize filamu humo na waya ya USB, naye atamukabizi Honoré mukononi. Nikapiga vigelegele. Bwana yangu, Papa Ignace, aliniomba nimalizie vigelegele inje, yeye anasikiliza habari.

Kisha Aloys akaniharibia siku. Alisema Mama Zagabe pia anataka diski hiyo.

Mama Zagabe ni jirani yangu, mulango wake unaangalia wangu. Mutoto wake Zagabe analala chumba kimoja na Honoré huko Kinshasa. Anataka kutuma picha za jubilei ya ndoa yake. Picha! Hata hazitembei!

Jumanne, 10 Juni

Umeme ulikuja nyuma ya saa sita. Aurore alitoroka ofisi (alisema ameomba ruhusa, mutoto wangu hadanganyi vizuri) akafunga diski kwa mashini na waya ile iliyokuja nayo. Nyeupe. Nyembamba kama tambi.

Mashini ikachora mustari wa kijani, ukaanza kutembea kama bibi-arusi anayeogopa kukanyaga gauni yake. Iliandika itamaliza kisha saa tatu. Kidogo, ikaandika saa ine. Kidogo tena, tatu na nusu. Nikauliza Aurore mashini imesoma hesabu wapi.

Kabla mustari haujafika katikati, umeme ukakatika. Tulipoangalia kwa diski: hakuna kitu. Hata shela ya bibi-arusi. Aurore alieleza kwamba filamu ni kitu kimoja kikubwa, kikikatwa njiani kinaharibika chote.

Nikamuonyesha waya. Nikamwambia kosa ni hili hapa.

Aurore alisema hapana, maman. Kosa ni tundu la mashini pale waya inaingia. Ni la zamani, linapitisha kidogo kidogo. Waya mubovu inaweza kusumbua, ndiyo, lakini waya muzuri haiwezi kupanua tundu. Akasema njia ni moja: tukate filamu vipande, tutume kimoja kimoja, umeme ukienda tunapoteza kimoja tu.

Kukata arusi ya mutoto wangu! Kama mbuzi! Sehemu gani nitatupa? Misa? Mimi nikicheza? Nimecheza muda murefu sana katika filamu hiyo, na vizuri.

Aurore alipata distinction, alama za juu shuleni, ninasema kwa sababu ni kweli. Lakini maji hachoti yeye. Mimi ndiye ninaamuka alfajiri maji yakija kwa robine ya avenue. Mwenye tuyo nene, mupira ule wa maji, anajaza bidon zake zote wakati mwenye tuyo nyembamba anasikiliza ya kwanza ikilia tii-tii-tii. Hiyo haifundishwi kwa distinction.

Kesho ninaenda Kadutu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata!

Soko la Kadutu, kwa Martine, yule anauza redio, betri na vitu vya ofisi ambavyo hauulizi vimetoka wapi. Alinitandikia waya zake zote juu ya meza. Mimi nimenunua vitenge maisha yangu yote, hakuna anayeweza kuniuzia cha uongo. Nilizishika moja moja. Nilizifinya. Nilizivuta kuona kama zinaachia nyuzi. Moja niliilamba kidogo. Martine aliniuliza kama mama anataka kuipika.

Halafu akatoa ile. Rangi ya kijivu, nene kama kidole changu cha ndoa, ndefu toka mulango mpaka jikoni. Martine aliapa kwamba ni ya Dubai, original, na kwamba kwa waya hii hata kanisa zima linapita na kengele yake. Tulibadilishana: nilimuachia kitenge changu cha ndege wa buluu. Nilikipenda. Lakini Honoré ninamupenda zaidi.

Nilipita avenue nimeivaa begani ili watu waone. Papa Ignace aliiona akazima redio. Mara ya kwanza! Aliuliza ni ng'ombe gani tunaenda kuvuta kutoka Walungu.

Mama Zagabe alikuwa na yake, mukononi, nyeusi, fupi kama mukia wa mbuzi. Alisema shemeji yake wa Minova amemupa. Akaanza kunifundisha: Mama Honoré, kutoka hapa mpaka Mumosho hapo karibu, na kutoka hapa mpaka Minova kule mbali, wapi unafika mbele? Njia fupi, dada yangu, njia fupi!

Nikaipima na macho. Nikamwambia waya yake iko fupi kwa sababu panya walikula ingine.

Alhamisi, 12 Juni

Leo mashindano. Waya tatu: nyeupe ya Aloys, fupi ya Mama Zagabe, nene yangu. Wimbo mumoja wa korali, ule ule, upite kwa kila waya, tuone.

Shida ilikuwa kupima. Saa ya Papa Ignace ilibaki kwa barrière, kizuizi cha barabarani, mwaka jana, sasa inavaliwa na askari fulani. Ya ukutani haina betri. Mama Zagabe akasema: rozari! Nilikubali mara moja. Kila mutu anajua Salamu Maria ni urefu gani.

Nyeupe ilianza. Tulisali pamoja, mbio mbio, maana hakuna aliyeipenda. Salamu Maria nyingi sana zilipita, vidole vyetu vilipata moto. Waya ovyo!

Ya Mama Zagabe ikafuata, naye ndiye aliyesali. Mutu huyu! Alisema Salaaamu, akapumua. Akasema Mariiia, akafunga macho kama ameona malaika. Wimbo ulimalizika yeye hajafika hata nusu ya kumi la kwanza. Nilimwambia hata Monseigneur askofu hasali hivyo siku ya Pasaka. Alijibu kwamba mugongo unamuuma, hawezi kumukimbiza Bikira.

Basi ikafika zamu yangu. Niliona ni vizuri kumupa Bikira heshima yake yote. Neno kwa neno. Kati ya neno na neno niliwakumbuka marehemu. Nilikohoa kidogo. Wimbo ulipomalizika nilikuwa Salamu Maria ya tatu, kwa «tunda la tumbo lako».

Nene imeshinda! Mbali sana!

Mama Zagabe alisema nimeiba. Nikasema wewe ndiye umeanza kuvuta Maria kama mupira wa manati. Akasema mimi nimeingiza marehemu ambao hawamo katika sala. Nikamwuliza kama ana neno na marehemu wangu. Papa Ignace, kutoka chumba kingine, alisema kama yeye ni Mungu angefunga dirisha.

Aurore alikuwa anaangalia saa ndogo iko kwa kona ya mashini. Alisema waya zote tatu zimefika sawasawa. Sawasawa kabisa.

Nilimwambia saa ya mashini haisali, itajua nini.

Jioni Mama Zagabe aliingiza picha zake. Zilipita zote wakati ninamenya sahani moja ya viazi. Alitoka akiimba. Kwa hiyo sasa diski iko na jubilei ya Mama Zagabe, keki yake ya gorofa tatu na meno yake yote, na ya kwangu hakuna kitu. Niliwaza Honoré wangu kwa kitanda chake kule Kinshasa, amekaa pembeni, anaangalia mama ya mwingine. Viazi nikavisahau kwa moto, viliungua.

Ijumaa, 13 Juni

Sikukuu ya Mutakatifu Antoni wa Padua, mwenye kurudisha vilivyopotea. Nilienda misa ya asubuhi na waya ndani ya kikapu. Padri aliponyunyiza maji ya baraka nilifungua kikapu kidogo.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Nilipanga kila kitu. Kama unataka maji yaende mbio, bidon unaweka chini na pipa juu. Kwa hiyo mashini nilimwambia Papa Ignace aipandishe juu ya kabati. Diski nikaiweka chini, juu ya mukeka safi. Waya ikateremuka muzuri, bila fundo, bila kona. Aurore alipofika alisimama mulangoni, mukono kwa paji la uso, kama kwa ile picha ya Mateso Saba ya Maria. Alisema maman, filamu si maji. Nilisema mutoto, funga.

Umeme ulikuja mapema. Antoni! Mustari wa kijani ukaanza. Mimi nilikaa chini kando ya diski, ninashika waya katikati, na ninakuambia, nilisikia vitu vinapita. Vilikuwa vya moto kidogo. Ilipita nusu. Ilipita ile sehemu tulikwama Jumanne. Mama Zagabe alikuja kuchungulia, akasema hmm. Hmm tu! Nilimupa kiti ili aone vizuri nikishinda.

Mustari umebakiza kiasi cha ukucha. Ukucha!

Papo hapo risasi zikaanza upande wa juu, kule kwa kilima. Kwanza moja moja, halafu kama mahindi kwa sufuria. Tulilala chini wote. Papa Ignace alivuta Aurore chini ya meza. Mama Zagabe akaingia nusu chini ya kabati, sehemu ingine haikuenea. Mimi nilijitupa juu ya diski na tumbo langu lote. Papa Ignace aliita nifunike kichwa. Nilimujibu kwamba kichwani hakuna arusi.

Kisha zikanyamaza. Mutu mumoja kwa avenue alianza kucheka, mutoto akalia, mulango ukafungwa, basi, tukajua imekwisha. Umeme ulikuwa ungali pale! Niliinuka nikiimba. Halafu nikaona waya yangu. Nimeilalia, imenyoka, na kichwa chake kimetoka kwa mashini kule juu. Kinaning'inia. Kinacheza polepole.

Kwa diski: hakuna kitu.

Nilikaa kwa mukeka nikalia. Siyo kilio cha matanga, kile kidogo, cha kukosa nguvu. Nilisema Honoré atasahau sura yangu. Nilisema hata sauti yangu kwa barua haiko. Mama Zagabe alitoka chini ya kabati na vumbi kwa nywele, akakaa karibu yangu. Alisema Mama Honoré, kama ni mahali panakosa, tupunguze picha zangu, keki ile watu wameiona vya kutosha. Nilimwambia diski iko na nafasi, ni umeme na bahati vinakosa, lakini asante. Alisema basi mutoto aone hata miguu yako tu ikicheza, ni miguu anaijua. Tukalia wawili. Akaniomba leso yangu, hakunirudishia.

Kisha alinipeleka kanisani kunawa uso na kumuuliza Antoni amekosea wapi.

Tuliporudi umeme umekwisha kwenda. Aurore alikuwa anakunja waya. Siyo yangu. Ile fupi, mukia wa mbuzi. Alisema tulipotoka tu, alikata filamu vipande na kutuma viwili vya kwanza alivyovipenda. Vimeingia vyote, vizima. Nikauliza kwa nini kwa waya ya Mama Zagabe. Alisema kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mukono wake, maman, hata nyeupe ingefanya.

Niliuliza vipande gani. Kimoja: wanatoka katedrali. Cha pili: mimi ninacheza kuzunguka kiti cha Honoré, kile kimevaa shati.

Nilimukumbatia Aurore mpaka akaomba hewa. Mutoto wa akili! Amenitoka mimi.

Usiku huu nimewaza vizuri. Jambo liko wazi. Waya nene ilipita mbele, ikafungua njia, ikapanua lile tundu la zamani. Ile fupi imekuta kazi imekwisha kufanywa. Mama Zagabe hawezi kuelewa hayo, kwa hiyo sitamusumbua.

Jumamosi, 14 Juni

Tonton Aloys ameondoka. Nilimupa diski ndani ya soksi safi, na paketi ya Honoré: samaki ndagala kavu, sabuni, flaneli ya baridi. Aurore alisema Kinshasa hakuna baridi. Watu wanasema mambo mengi.

Chini ya ndagala niliweka waya nene, yote, nimeikunja kama nyoka. Kama huku inasukuma vizuri, kule itavuta vizuri. Sikumwambia Aurore. Aloys alipima paketi kwa mukono akauliza kama nimetuma reli. Nikamwambia safari njema.

Mama Zagabe aliuliza waya yangu iko wapi. Nilisema iko kazini.

Jumapili, 20 Julai

Honoré alipiga simu! Kwa telefone mupya ya Aurore, baada ya misa, watu wote wako kwetu. Sauti imekuwa nzito, nikamwuliza kwanza kama ni yeye kweli, ataje jina la mbuzi wetu wa zamani. Akataja.

Alisema ameona. Ameona mara nyingi mpaka mwenye mashini aliyowaazima ameomba arudishiwe. Aliona shati yake kwa kiti. Aliona nikicheza. Alisema maman, umezeeka kidogo lakini miguu ni ile ile. Kisha Papa Ignace akachukua telefone akasema «Hallo, hallo» bila sababu.

Nilipoichukua tena nilimwuliza kuhusu waya. Alicheka. Alisema ni waya ya maana sana, toka Juni wanaanikia nguo zote, zake na za Zagabe, na haijalegea hata siku moja. Original, nilijua!

Halafu akasema pole pole, kama mutu anayebeba mayai. Sasa kuko serikali mupya huko, nchi inaunganishwa, na shirika la Tonton Aloys limewapatia nafasi mbili kwa ndege. Yeye na Zagabe. Kabla mwezi wa nane haujaisha. Valizi yake ni ile ile aliyoenda nayo, kufuli imevunjika, kwa hiyo ameifunga na waya yangu, mara tatu, na urefu uliobaki umefunga ya Zagabe.

Nikapiga vigelegele. Papa Ignace hakuniomba kutoka inje. Alizima redio mwenyewe, akavaa koti kama tunaenda kumupokea sasa hivi, akakaa nalo hivyo ndani ya nyumba, mchana kweupe.

Mama Zagabe alikuwa analia na leso yangu. Hata katika machozi alisema tusisahau, ngoma ilipita kwa ile fupi. Nikamwambia ndiyo, dada, fupi imeleta ngoma, ni kweli. Halafu nikamwomba aseme mbele ya watu wote ni waya gani inaleta watoto wenyewe, wawili, na mizigo yao.

Aurore alifungua mudomo. Niliona neno «tundu» linakuja. Bwana yake alimukanyaga muguu.

Amebaki dada yangu Olive huko Lubumbashi. Kesho alfajiri, nikisha kuchota maji, ninaenda kwa Martine Kadutu. Alisema iko na ingine, nene zaidi.